Kuvuka kwa Macho Yake

Mie nina mdomo, sikatai. Huku kwetu Kibamba cherehani yangu iko barazani, kando kabisa ya barabara kuu, na nikimwita mtu anasikia hata akiwa ng'ambo. Binti yangu nilimlea kwa sauti hiyohiyo. Ukiitwa unaitika "abee", na miguu inakuja pamoja na hiyo abee, siyo unaitika umekaa kama bibi harusi. Wateja walimsifu, mtoto ana adabu huyu, nami kichwa kinavimba.

Shule yake iko upande wa pili wa barabara. Asubuhi nilimvusha kwa mkono. Mchana, kipindi kile yuko darasa la pili, nilikuwa namvusha kwa sauti. Anasimama pale kwenye zebra, mie nimekaa na nguo ya mtu, nikiona magari yamesimama naita, anaitika, anakimbia. Nilijiona nina akili kweli. Baba yake kazi yake iko mbali, kule Wazo, anaondoka hakujapambazuka, kwa hiyo barabara ile ilikuwa juu yangu peke yangu.

Siku moja nikaita kama kawaida. Magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili, nilihakikisha. Nisichokitazama ni bodaboda iliyokuwa inakuja kinyume, pembenipembeni, upande aliosimama mwanangu, imebeba godoro. Alipiga hatua mbili tu. Yule kijana wa bodaboda alikanyaga breki, pikipiki ikayumba, ikaligonga begi la shule, mwanangu akaenda chini na madaftari yakatawanyika.

Sijui nilivukaje. Nilimkuta amekaa, goti limechubuka, basi, hana kingine. Alhamdulillah. Nikamkumbatia, halafu, Mungu anisamehe, nikamzaba kofi mkononi. "Huna macho wewe? Pikipiki yote hiyo huioni?" Akaanza kuokota madaftari yake. Watu walikuwa wamemzingira yule kijana, wanamtukana, na mie nikatukana pia.

Usiku huo sikulala vizuri. Nikasema huyu mtoto macho yake yana kasoro, na kesho yake nikampeleka hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, alimwonyesha zile herufi zinazotazama huku na huku, naye aonyeshe kwa vidole zimeelekea wapi. Alizipata zote, mpaka za chini kabisa. Ila alikuwa anakawia. Anatazama, anatazama tena, ndipo anyooshe kidole. Mie nikadakia, "Fanya haraka bwana, daktari ana watu!"

Daktari akanigeukia. "Mama, mwache. Macho yake mazima. Kuona ni kitu kimoja, kuamua ulichokiona ni kingine." Akanieleza kwamba jicho linapeleka habari ubongoni kidogokidogo, na ubongo unazikusanya mpaka zitoshe: ile pikipiki iko mbali au karibu, inakuja au imesimama. Mtu mzima anakusanya upesi, maana ameshavuka mara nyingi mno. Mtoto bado, kazi hiyo inakomaa miaka na miaka, mpaka anakaribia utu uzima. "Ukimharakisha," akasema, "hamalizi kukusanya. Anachukua uamuzi wako."

Nilinuna njia nzima ya kurudi. Lakini yaliniingia.

Kuanzia hapo, kila mchana nikawa naacha cherehani, navuka mwenyewe, nasimama nyuma yake. Nikamwambia, "Mie leo bubu. Ukiona tayari, useme twende." Jamani! Siku za mwanzo barabara ilikuwa inakuwa nyeupe, kundi la ng'ombe lingepita na wachungaji wake, na yeye bado anatazama. Nilikuwa nauma midomo. Wakati mwingine ananigeukia, anasubiri nimwambie, nami natazama juu kama sijui kinachoendelea. Mama anayeuza vitumbua pale kwenye zebra alinicheka mpaka akashika mbavu. "Leo umemeza sindano, jirani?" Nikamwambia aniache. Akasema, "Kawia ufike, ndugu yangu," akageuza vitumbua vyake.

Ikapita miezi. Polepole nikaanza kuona anavyofanya: kulia, kushoto, kulia tena, kisha anachungulia pembeni kule bodaboda zinakotokea kinyume. Hilo la pembeni sikumfundisha. "Twende," anasema, na tunakwenda, anatembea, hakimbii. Akiwa darasa la tatu nikamwambia kesho nitabaki barazani. Mchana ule nilishona mkono wa blauzi juu chini, ikabidi niufumue. Mdomo nimeufunga kwa nguvu zote. Alisimama. Alikawia. Akavuka. Akafika, akaniamkia, akauliza kuna nini cha kula, na mie nikaingia ndani nikalia kidogo.

Jumapili iliyofuata namsuka, amekaa chini katikati ya magoti yangu, nikamuuliza tu, maana tulikuwa tunaongea vizuri.

"Hivi siku ile ya godoro, ile bodaboda hukuiona kabisa?"

"Niliiona."

Mkono wangu ukasimama. "Uliiona?"

"Ndiyo. Nilikuwa nasubiri ipite."

"Sasa mwanangu, ulikimbilia nini?"

Akageuka kunitazama, nywele zimesukwa nusu, anashangaa mtu mzima anauliza swali gani hilo.

"Si uliniita?"

Nilimwomba msamaha. Kwetu mkubwa hamwombi mtoto msamaha, lakini nilimwomba, na lile kofi nikalitaja. Akageuka tena mbele. Kisha akasema, "Haya mama, malizia, shingo inauma."