Shangazi Alivyochumbiwa Angani

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani enzi ambazo mjini kwetu hakuna aliyewahi kuona ndege kwa macho yake. Siku moja fundi baiskeli wa mtaa wa pili, kijana mrefu waliyembandika jina la Mwewe, aliingia dukani kwake akaomba ashonewe mabawa.

"Ya malaika?" Shangazi akauliza, pini mdomoni.

"Ya ndege, dada. Ya watu wawili."

Alidhani ni mzaha mpaka alipofika kwenye banda la Mwewe. Kiunzi cha mbao kilijaa banda zima, kimekazwa kwa waya za breki, injini ya pikipiki mbele. Kwa furaha yake Mwewe alikuwa amesahau kupima mlango, kwa hiyo baadaye walibomoa ukuta.

Kazi ikaanza. Shangazi alishona, wakapaka gundi, kitambaa kikakakamaa. Na kila siku waligombana. Yeye alitaka pindo zinyooke. Mwewe akasema huko juu nani atazikagua.

"Mimi," Shangazi akamjibu. "Napanda."

Babu, baba yake, alikuja juu. "Mwanangu, kama umechoka kuishi si useme tu!" Shangazi hakumsikiliza.

Siku ya kuruka, watu walifurika kiwanjani. Mashine ikakohoa, ikakimbia ikidundadunda, kisha kweli ikanyanyuka, ikapita juu ya mapaa ya soko. Shangazi, kiti cha nyuma, alifumba macho akashika kila kilichoshikika, likiwemo sikio la Mwewe. Hapo ndipo Mwewe alipogeuka akapiga kelele, "Nikuoe?"

Kwa ule mngurumo, Shangazi alisikia, "Nitue?"

"Ndiyo!" akapaza sauti. "Tena sasa hivi! Unangoja nini?"

Mwewe kwa raha akaachia usukani. Wakatua, kama kule ni kutua, katikati ya shamba la kabichi. Akajikwamua, matope mpaka kwenye kope, akawatangazia watu waliokuja mbio: "Amekubali!" Babu akamkumbatia.

"Nimekubali nini?" Shangazi akauliza, kabichi mapajani.

Alipoelezwa alicheka mpaka machozi. Kisha akaona Mwewe hacheki. Ameinama, anachezea gurudumu lililopinda.

"Wewe," akamwita kwa upole, "miezi yote tuko banda moja, hukupata pa kuniulizia ila huko juu?"

"Huku chini nikianza tu, unaondoka."

"Basi uliza sasa. Siendi popote, mguu umeteguka."

Akauliza. Shangazi akakubali, kwa sharti kwamba ndege ya pili ataiendesha yeye.

Na aliiendesha. Miaka na miaka alipeleka dawa vijiji vya milimani, mumewe nyuma amekumbatia ndoo, maana asipoendesha mwenyewe alitapika njia nzima. Baada ya hapo Shangazi akawafundisha urubani mabinti wa mjini, kwa ukali uliowafanya wengine wakimbie siku ya kwanza.

Shangazi alipozeeka, mmoja wa wale waliovumilia alikuja kumrusha kwa ndege ya kisasa. Tuliwasubiri uwanjani. Binti alishuka akifuta machozi.

"Kwani amekwambia nini?" nikamuuliza.

"Hata neno! Alikuwa anakoroma."

Shangazi akatokea mlangoni akipiga miayo. "Umerusha vizuri, mwanangu," akamwambia. "Sikuamka mpaka uliponigusa."

Binti akaanza kulia upya.