Kamanda wa Geti Kuu

Kamanda alilinda Geti Kuu la chuo miaka ishirini na sita. Jina hilo alipewa na wanafunzi kwa ile saluti yake ya mbwembwe, na enzi hizo alisalimiwa mpaka koo likamkauka kwa kuitikia. Basi serikali ikamwaga fedha, majengo yakaanza kuota: maabara, maktaba ya ghorofa sita, mabweni, yote upande wa pili wa kilima. Watu wakahamia huko. Yeye akabaki na geti lake na kibao kilichopauka. Upweke ulimkaba, jamani! Alifika mahali akawa anapigia saluti lori la taka, mradi tu dereva amjibu kwa honi.

Jumamosi hiyo, lakini, alinyoa ndevu. Binti yake alikuwa anakuja. Walinuniana miaka saba, tangu baba mtu alipoahidi kwenda harusini asitokee.

"Saa nane nitakuwa hapo na mjukuu wako, basi likisimama mjini," alisema kwenye simu. "Safari hii usinipige chenga, baba."

"Nikupige chenga mimi? Njoo Geti Kuu, mwanangu. Ulizia Kamanda tu, hata mawe yananijua."

Wakiwa zamu, walinzi huacha simu zao ofisini, ndiyo amri. Saa nane ikafika, ikapita. Ikawa saa kumi. Kamanda kasimama wima, pipi za mjukuu zinamlainikia mfukoni.

"Bado kaninunia," alijisemea, roho ikimuuma.

Saa kumi na mbili akaenda kuchukua simu. Alikuta amepigiwa mara kumi na moja, na ujumbe mmoja: "Baba, tuko Geti Kuu. Wanasema hapa hakuna Kamanda, hawajawahi kumsikia. Umerudia yale yale. Basi linaondoka."

"Nilikuwepo!" alimfokea karani wa zamu. "Siku nzima niko Geti Kuu!"

"Geti Kuu ni lile jipya, mzee, toka mwezi jana. Lako siku hizi ni Namba Nne. Tangazo lilibandikwa maktaba, hukusoma?"

Maktaba hiyo hajawahi hata kuikanyaga. Akapiga simu; haipatikani. Akazunguka kilima mbio mbio, akafika geti jipya akihema. Mlinzi mgeni akamzuia.

"Shikamoo mzee. Unamtafuta nani?"

Kamanda akaitazama barabara. Hapakuwa na mtu.

"Mwanangu," akasema. "Aliniambia yuko Geti Kuu."