Chupa Aliyoichagua Mkubwa

Walipozaliwa mapacha hao wa kike, mmoja alitangulia na mwingine akafuata kabla mkunga hajamaliza kunawa mikono. Tangu siku hiyo wa kwanza akaitwa Mkubwa na wa pili Mdogo. Tofauti nyingine haikuwapo. Sura ile ile, sauti ile ile, hata kikohozi kile kile. Walipokua ndipo watu wakapata njia ya kuwatambua: Mkubwa alisuka mistari myembamba inayoshuka hadi mabegani, na Mdogo alizikata nywele zake zikabaki fupi kama za mvulana. Cha kuchekesha ni kwamba huyo wa nywele fupi ndiye aliyekuwa msusi.

Alifanya kazi katika saluni ya chumba kimoja, iliyobanwa kati ya duka la vyombo na kibanda cha fundi viatu. Kuta mbili zilikuwa vioo vitupu, vinatazamana. Mteja akikaa kwenye kiti cha kati alijiona mbele, akajiona nyuma, akaendelea kujiona mpaka akawa mdogo kama punje. Wateja walikipenda kiti hicho wakakigombania. Mdogo naye alikipenda, hadi Mkubwa alipofariki.

Mkubwa alijifungua mtoto wa kiume, akarudi nyumbani akicheka. Alimnyonyesha mwenyewe, akambandika jina la Mzee kwa sababu alikunja uso kama mtu anayengoja pensheni. Kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka, homa ikampanda mama yake. Walimkimbiza hospitali akiwa anaongea, na aliporudishwa alikuwa amefunikwa.

Matanga yalipokwisha, Mdogo alifungasha nguo zake akahamia kwa shemeji yake. Hakuna aliyemwomba na hakuna aliyemkataza. Shemeji alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache hata kabla ya msiba. Sasa maneno yakakauka kabisa. Alimwekea Mdogo kitanda katika chumba cha mtoto, akampa ufunguo, na kila alipozungumza naye alitazama sakafu. Mdogo alielewa. Angewezaje kumtazama? Sura ya mkewe ilikuwa inazunguka nyumbani, inafua nepi, inauliza chumvi iko wapi.

Yeye mwenyewe hakuwa na pa kujificha. Siku aliyorudi saluni alikuwa akimchana mteja, akainua kichwa, akamwona dada yake mbele yake ameshika kitana. Aligeuka haraka, akamkuta nyuma pia. Alijua ni yeye mwenyewe. Kujua hakukumsaidia. Alimwomba mwenye saluni akigeuze kiti chake kielekee mlangoni, na wateja wakalalamika kwamba wanasukwa bila kujiona.

"Mtajiona mkimaliza," aliwaambia. "Mkijiona kabla mtaanza kunifundisha kazi."

Wakacheka. Yeye aliendelea kusuka akiwa ameinamisha macho.

Asubuhi, Mzee alibaki na bibi yake, mama wa shemeji, mwanamke mwenye magoti mabovu na sauti ya kuamrisha. Bibi ndiye aliyefungua sanduku la nguo za mtoto, chini kabisa akatoa chupa ya kunyonyeshea. Ilikuwa pana, nzito, imechorwa maua ya buluu, na chuchu yake ilikuwa nene kama kidole gumba. Mkubwa aliinunua akiwa na mimba ya miezi mingi, akaifunga kwenye kitambaa cheupe.

"Hii ndiyo aliyoichagua mama yake," Bibi alisema.

Hapo mjadala ukaisha. Chupa ikachemshwa, maziwa ya kopo yakakorogwa, na Mzee akaanza kunywa kama mtu anayefukuzwa. Alimeza kwa kishindo, maziwa yakimtoka pembeni mwa mdomo. Chupa ilipokuwa haijafika nusu, akaiachia, akakunja magoti yakagusa tumbo, uso ukamwiva, akapiga yowe. Tumbo lake lilikuwa gumu kama mpira uliojazwa upepo. Mdogo alimlaza begani, akamlaza kifudifudi mapajani, akamzungusha chumba kizima. Baadaye sana gesi ikatoka, juu na chini, na mtoto akalala huku bado ana kwikwi. Kisha njaa ikamwamsha na mambo yakaanza upya.

Ikawa hivyo kila siku. Mdogo akikaa kumnywesha alihisi kuna mtu amesimama nyuma ya kiti, anatazama mkono wake ulivyoishika chupa, na hapendezwi. Aliinyanyua chupa zaidi, akaishusha, akaibana kifuniko kwa nguvu zake zote maziwa yasivuje. Hakuna alichofanya kikawa sahihi. Moyoni aliomba, "Dada, niambie basi unataka niishike vipi." Maua ya buluu tu, na mtoto analia.

"Mtoto anamtafuta mama yake," Bibi alisema mchana mmoja, akimkanda Mzee tumbo. "Anakuona wewe, sura anaijua, lakini kuna kitu hakioni. Ni nywele. Suka kama alivyosuka marehemu, mwanangu. Jaribu tu. Utapoteza nini?"

Mdogo aliona ni upuuzi. Lakini mtu ambaye hajalala vizuri kwa wiki nyingi huanza kuuona upuuzi kama dawa. Nywele zake zilikuwa zimeanza kurefuka bila mtu wa kuzijali. Akaenda saluni siku ya mapumziko, akakaa kwenye kiti cha kati, akafumba macho, akamwambia mwenzake aliyefanya naye kazi miaka yote, "Nisuke mistari myembamba. Ongeza rasta zifike mabegani."

Mwenzake alishika nywele zake, akaziachia. "Hapana. Usinifanyie hivyo."

"Nisuke."

"Nitakuwa namsuka yeye."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Mkono wako alikuwa anaupenda."

Alimsuka huku anavuta kamasi. Alipomaliza hakusema umependeza kama kawaida. Alifunika mabaki ya rasta, akatoka nje kunywa maji. Mdogo aliondoka bila kufumbua macho mpaka alipofika mlangoni.

Alasiri ya siku hiyo hiyo, Jumapili, Bibi alikuwa amelala chumbani kwake, jua limeingia sebuleni hadi kwenye miguu ya kochi. Mdogo alikaa pale pale Mkubwa alipopenda kukaa, mtoto mkononi, chupa ya maua mdomoni mwake. Mzee alikuwa ametulia kidogo, macho yake yanafuata rasta zinavyoning'inia. Ndipo shemeji akaingia kutoka kwenye kazi ya mtu, mkoba wa vifaa begani. Hakuwa ameambiwa chochote.

Mkoba ulianguka. Spana zikatapakaa hadi chini ya meza. Alisimama hapo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakutazama sakafu. Alimtazama usoni kwa namna ambayo Mdogo hakuwahi kutazamwa na mtu yeyote maishani mwake.

"Umerudi?" aliuliza taratibu.

Na Mdogo, akiwa na akili zake timamu, akajibu, "Ndiyo."

Hakujua neno hilo limetoka wapi. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama aliyejibu alikuwa yeye. Sauti ilikuwa yake, lakini sauti yake ilikuwa ya wote wawili. Shemeji alipiga hatua moja mbele, uso wake umefunguka kama wa mtoto. Ndipo Mzee akapaliwa. Maziwa yalimwingia vibaya, akakohoa, akabadilika rangi, na Mdogo akamgeuza haraka, kichwa kikielekea chini, akimgonga mgongoni na kuita, "Mzee! Mzee!" Alipopata pumzi akalia, na kilio hicho kikamrudisha kila mtu mahali pake. Shemeji alitoka nje. Spana aliziacha zilipo.

Kesho yake Mdogo alimfunga mtoto mgongoni akaenda kliniki, chupa ikiwa kwenye mkoba. Nesi aliyekuwa zamu alikuwa ndiye aliyempima Mkubwa ujauzito wote. Alipoinua macho kalamu ikamponyoka.

"Ni pacha wake," Mdogo alimwahi. "Mimi ni mdogo wake. Samahani."

"Usiombe samahani kwa kuwa hai," nesi alisema, akijikaza. "Lete mtoto nimwone."

Alimpapasa tumbo, akampima uzito, akasikiliza kifua. Mtoto alikuwa mzima. Akaomba chupa iliyokuwa na maziwa, akaigeuza juu chini. Maziwa yakamwagika mfululizo kama bomba lililokatika.

"Unaona? Kitundu ni kikubwa mno kwake. Maziwa yanamjia kwa kasi, anagugumia asizame, na kila gugumio anameza upepo." Akajaribu kukifungua kifuniko, akashindwa, akacheka. "Na wewe unaibana kama tairi la lori! Hiki kinundu kidogo pembeni mwa chuchu ndicho kinachopitisha hewa iingie kwenye chupa. Ukiibana hivi, chuchu inanywea, mtoto anavuta hewa tupu. Nani aliichagua chupa hii?"

"Mama yake."

Nesi aliifuta chupa kwa kitambaa, akamrudishia.

"Aliichagua kabla hajamjua mtoto," alisema. "Angemwona anavyoteseka angeibadilisha siku hiyo hiyo. Mama gani asingebadilisha? Sasa anayemjua ni wewe."

Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Mdogo alisimama mbele ya rafu iliyojaa chupa za kila aina: zilizopinda kama shingo ya bata, zenye mirija ndani, zenye mikono miwili, zenye vikatuni. Alihisi tena yule mtu nyuma yake. Muuzaji alimwonyesha ya bei kubwa, yenye vipande vitano vya kuosha. Mdogo alivifikiria vipande hivyo na magoti ya Bibi na haraka za asubuhi, akatikisa kichwa. Alichukua nyembamba isiyo na pambo lolote, yenye chuchu laini ya watoto wachanga, akaomba maji aijaribu hapo hapo. Tone, kisha tone, kisha tone.

"Nipe hii," alisema, na akili yake yote ikangoja kukemewa. Hakuna aliyemkemea.

Nyumbani Bibi aliiona akavimba. "Kwa hiyo ya marehemu tunaitupa?"

"Hatuitupi, mama. Nitaiweka kwenye sanduku, kwenye kitambaa chake. Lakini mtoto hatainywea tena."

Hakupandisha sauti. Bibi alimtazama, akasonya, akaenda kuweka maji ya kuchemshia.

Alifanya kama alivyoelekezwa. Aliyazungusha maziwa taratibu badala ya kuyatikisa, akangoja povu litulie. Kifuniko alikifunga kiasi. Alimkalisha Mzee karibu wima, chupa akailaza ili chuchu ijae maziwa na isibaki na hewa. Mtoto alishangaa mwanzoni, akalalamika kwamba maziwa hayaji kwa fujo aliyoizoea. Halafu akavuta. Akapumzika. Akavuta. Vipovu vidogo vikapanda ndani ya chupa, hewa ikaenda ilikopaswa kwenda.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, hawakujua tangu lini. Mdogo alikuwa ameanza kufumua nywele asubuhi, upande mmoja rasta, upande wa pili zimesimama kama ufagio. Hakufanana na mtu yeyote, aliye hai wala aliyekufa.

"Mshike," alimwambia. "Nimalize kufumua. Huyu wa upande huu anatutesa wote."

Hakuwa amemshika mwanawe tangu maziko. Alimpokea kama anavyopokea kioo, akamweka begani, akampapasa mgongo kwa kiganja kinachonuka grisi. Mzee alikunja uso, akafikiri, akabeua kwa sauti nzito ya mtu mzima aliyeshiba. Bibi aliangua kicheko kutoka jikoni. Shemeji hakucheka. Mabega yake yalianza kutikisika, na Mdogo aliendelea kufumua, hakugeuka, akamwachia alie vizuri.

"Jana," shemeji alisema baadaye, "nilijua si yeye. Ulipojibu nilijua. Nilitaka tu dakika moja."

"Mimi pia," Mdogo alisema.

Gesi haikuisha siku moja. Kulikuwa na jioni za kulia, na siku ambazo hata akilazwa begani hakitoki kitu. Lakini ilipungua, wiki hadi wiki, na mtoto alipoanza kujigeuza mwenyewe ilisahaulika. Saluni, Mdogo alikirudisha kiti chake kielekee kioo. Dada yake bado alikuwemo humo, mbele na nyuma. Akiwa hana mteja alimweleza habari za jino linaloota, kwa sauti ndogo, na mwenzake alijifanya anafagia.

Mzee alikuwa amekwisha anza kutambaa siku shemeji alipotoa simu yake ya zamani. Alikuwa ameitengeneza kioo. Ndani yake kulikuwa na ujumbe wa sauti, mmoja tu, ambao tangu msiba hakuwahi kuthubutu kuufungua.

"Tusikilize wote," alisema.

Ulikuwa mfupi. Mkubwa alikuwa sokoni, nyuma yake watu wanapiga kelele. "Baba nanii, usisahau sabuni. Na leo uwahi, mgongo unanikata kweli. Haya."

Mtoto aliinua kichwa kutoka mkekani. Aliitazama simu, kisha akamtazama Mdogo. Shemeji aliurudia ujumbe. Mzee akatambaa hadi kwa mama yake mdogo, akamparamia, akasimama kwenye mapaja yake huku sauti ile inaendelea kuongea mezani. Alimkazia macho kwa muda mrefu. Halafu akanyoosha mkono, akauweka juu ya midomo ya Mdogo iliyofungwa, akangoja.