Mchochea Moto na Vichanja vya Dagaa

Kabla sijafika kwa huyu mzee wa meli nianze na bibi yangu, maana kila nikimkumbuka mmoja, mwingine naye anakuja bila kuitwa.

Kwetu ni juu, upande wa Kasulu, ambako asubuhi ya kiangazi ukitoka nje meno yanagongana. Kiberiti kilikuwa kitu cha dukani, na duka lilikuwa mbali. Moto ukizimika jikoni, bibi alinipa kigae cha chungu kilichotandikwa majivu, akanituma kwa jirani kuomba. Na kuomba moto kuna adabu yake. Hukai. Hata ukikaribishwa kigoda, hata kama viazi vinaepuliwa, unapokea makaa yako, unayafunika majivu, unageuka. Ndiyo maana mpaka leo mtu akipita kwako mbiombio unamwuliza, vipi, umekuja kuomba moto? Basi siku moja mimi nilikaa. Mbwa wa jirani alikuwa amezaa, nikachuchumaa kuangalia watoto wake. Nilipofika nyumbani makaa yalikuwa meusi. Nilitegemea kofi. Bibi alikishika kigae kwa chini, akanishikisha na mimi.

"Kina joto bado."

"Sasa moto wenyewe umekwenda wapi?"

"Umeingia kwenye kigae, umeingia mkononi kwako, mwingine umebaki njiani unapasha upepo. Rudi kaombe mwingine."

Jibu hilo nilikaa nalo miaka na miaka, sina pa kulitumia. Nilishuka Ujiji nikawa fundi baiskeli. Pikipiki zikajaa mjini, baiskeli zikapungua, na mikono yangu nayo ikaanza kutetemeka, spoki siipati tundu. Mke wangu alitangulia. Watoto wako Mwanza na Dar es Salaam, wanapiga simu. "Shikamoo baba, unaendeleaje?" Naendelea, nawajibu. Halafu simu inakatika, sijui ni mtandao, sijui ni kwamba tumemaliza ya kusema. Nyumba yangu ya Buzebazeba ina vyumba vinne. Nilikuwa nafagia vyote, nalala kimoja. Nilikuwa navifagilia nini, ndiyo sijui.

Masika moja mzee mmoja akahamia chumba cha uani kwa jirani. Nilimsikia akikohoa siku kadhaa kabla sijamwona. Halafu jioni moja akaja mlangoni na jiko la mkaa mkononi, akanisalimu kwa Kiha cha kwetu.

"Hodi. Mwakeye, mwenzangu. Mkaa wangu umelowa haushiki. Naomba makaa mawili."

"Karibu, kaa kwanza."

"Sikai bwana, si nimekuja kuomba moto?"

Tukacheka kwa pamoja, kama watu waliolelewa na bibi mmoja. Akakaa. Alikaa mpaka makaa niliyompa yakazimika, ikabidi nimpe mengine.

Ujanani alikuwa mchochea moto kwenye meli ya mvuke, zama zile meli zinakula kuni na makaa ya mawe. Kazi yake ilikuwa kufungua mdomo wa tanuri, kutupa, kufunga. Mikononi hakuwa na vinyweleo hata kimoja, vilikwisha zamani. Na mazungumzo yake yote yalikuwa ya moto.

"Watu wa juu walikuwa wanaona meli inakwenda," aliniambia. "Mimi nilikuwa naona gogo linakwenda. Gogo linaingia tanurini hapa Kigoma, linapasha maji, maji yanakuwa mvuke, mvuke unasukuma chuma, chuma kinazungusha. Ukifika Kasanga, kule mwisho wa ziwa kusini, ujue umebebwa na mti."

"Na majivu?"

"Hayo ni yale yaliyokataa safari."

Nikamweleza habari ya kigae cha bibi. Hakucheka. Alisema bibi yangu angefaa chumba cha injini. Moto haufi, alisema, unahama tu, na kila ukihama unapungua nguvu ya kufanya kazi, mwisho unabaki vuguvugu lisilomfaa mtu. Na ndani ya lile gogo moto uliwekwa na jua, jani kwa jani, miaka na miaka. "Sisi tunautoa kwa saa moja, halafu tunashangaa mlima umebaki kipara."

Meli ilipotiwa injini ya mafuta, yeye akaenda kuchemsha mawese. Ukitaka mawese lazima chikichi zichemke sana, na zichemke kwa kuni. Miaka yote hiyo akawa mtu wa kuni. Sasa kuni zimekuwa mbali, vilima vya karibu vimenyolewa, na magoti yake yakagoma. Binti yake aliyeolewa Mpanda akawa anampigia: baba, njoo ukae na sisi. Yeye hakutaka. Ugenini kwa mkwe, alisema, mzee anakuwa kama kabati, watu wanampita wakiangalia asigongwe.

"Lakini nisipopata kazi isiyotaka kuni, nitakwenda. Siwezi kukaa hapa nikilishwa na jirani."

Alilisema hilo akimenya muhogo wangu, nyuma ya nyumba yangu. Nilikuwa nimeshazoea kikohozi chake upande wa pili wa ukuta. Tangu siku hiyo sikuwa na jambo jingine kichwani ila hilo moja, abaki.

Ndipo nikamwambia habari ya dagaa. Tuwachukue wabichi kwa wavuvi asubuhi, tuwaanike, tugawane na mwenye mtumbwi wakishakauka. Jua halibebwi kichwani. Akasema, "Kumbe. Tuchukue moto shambani kabla haujawa gogo."

Sasa hapa mjue kwamba ziwa lilikuwa limepanda. Mchanga ambao akina mama walikuwa wanaanikia zamani, mpana kama uwanja, ulikuwa chini ya maji, na uliobaki ulikuwa wa wenyewe. Sisi tulipata kipande chenye mawe. Mwenzangu akasema tutandike mabati. Mimi ningetafuta nyavu, lakini yeye ndiye mtu wa joto, nikamwachia. Akayapaka masizi yaliyochanganywa na oili chafu, yakawa meusi tii, akayasubiri yakauke. Cheusi kinameza jua, alisema, cheupe kinalirudisha. Na hilo ni kweli. Saa nne asubuhi bati lilikuwa halishikiki. Tukamwaga dagaa, nao wakalia tsss.

Yeye akafurahi. Alisimama na mikono kiunoni, kifua mbele, naamini machoni mwake alikuwa mbele ya tanuri.

Mama mmoja aliyekuwa anaanika jirani yetu akaja kuchungulia, kanga kichwani.

"Shikamooni babu zangu. Hawa mnawaanika au mnawakaanga?"

"Marahaba. Tunawaanika kwa nguvu," mwenzangu akamjibu.

"Basi mniite ugali ukiiva."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Lakini alikuwa na haki yake. Mafuta yalikuwa yanawatoka dagaa, wameganda na bati, chini wameungua na ndani maji tele. Kesho yake walinuka, tukawamwagia kuku, na kuku wenyewe walichagua.

Kosa lile lisingefanywa na mvuvi, wala na mpishi. Ni kosa la mtu wa tanuri, ambaye maisha yake yote aliambiwa ongeza. Jioni ile akasema, "Kwenye meli tulifunga mvuke ndani ili usukume. Huku unatakiwa uachwe uende." Dagaa anataka joto la kiasi la kumtoa maji, na upepo wa kuyabeba maji hayo, na nafasi chini na juu upepo upite. Na upepo wenyewe ni jua hilohilo. Nchi kavu inapata moto upesi, ziwa linachelewa, hewa ya nchi kavu inapanda na ile ya ziwani inakuja kushika nafasi. Ndiyo maana ikikaribia adhuhuri unaona mashati yanapepea kwa upepo wa ziwani.

Tukafunga vichanja vya miti na nyavu kuukuu, usawa wa kiuno. Yule mama wa kanga akatuonyesha jinsi ya kuwatandaza wasipandane. Mara ya kwanza tulipowageuza, wakalia kama majani makavu. Mwenzangu alimvunja mmoja, akamnusa, akamla na kichwa. Usiku wake alinunua mkaa mfuko mzima, na mimi nikajisemea, mtu anayenunua mfuko mzima haendi popote.

Nilikosea. Jua lilikuwepo, upepo wa adhuhuri ulikuwepo, vichanja vilikuwepo. Dagaa ndio wakakoma. Mitumbwi ikirudi asubuhi na ndoo moja, mbili, na hao wana waanikaji wao tangu zamani, si wazee wawili waliokuja jana. Bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, kijana aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, alituita ufukweni akatueleza. Ziwa hili ni refu kwenda chini mno. Chakula cha wale wadudu wanaoliwa na dagaa kimelala huko chini kwenye ubaridi, na kinapandishwa na upepo mkubwa wa kusi ukikoroga maji. Sasa dunia inashika joto kuliko zamani, maji ya juu yanapata moto zaidi, yanakuwa mepesi, yanakaa juu kama mafuta kwenye mchuzi. Upepo unakoroga, hayashuki, na ya chini hayapandi.

"Na hilo joto linatoka wapi?" mama wa kanga akauliza.

"Jua ni lilelile, mama. Moshi wetu ndio unalizuia joto lake lisitoke. Moshi wa magari, wa viwanda, wa misitu inayochomwa, dunia nzima."

Mwenzangu alitazama mikono yake isiyo na vinyweleo. Mimi nilitaka kumwambia kwamba meli moja haikupasha ziwa zima, na maneno yakaja nikiwa nimeshafika nyumbani.

Tuliendelea kushuka kila asubuhi. Tunasimama kwenye vichanja vitupu, jua linapiga nyavu, nyavu hazina kitu. Siku ya mwisho aliweka kiganja juu ya wavu, akakiacha pale.

"Joto lote hili," alisema, "na hakuna wa kulipokea."

Nikamwambia twende nyumbani nikuchemshie chai. Akaja, lakini aliishia mlangoni. Alikuwa ameshalitoa begi lake nje, dogo, na juu yake amelaza lile jiko la mkaa. Jiko akanipa mimi. Lilikuwa bado lina vuguvugu la asubuhi.

"Kaa basi hata kidogo," nilimwambia. "Basi la Mpanda haliondoki saa hizi."

"Nakaa, nakaa," alisema, huku amesimama.

Nikaingia kuchukua kigoda. Nilipotoka alikuwa ameshafika kwenye kona ya barabara, begi begani, anatembea polepole kwa ajili ya magoti. Sikumwita. Hakurudi tena.