Nilianua nguo, nikaacha gari: hardtop ya baba mkwe na salfa ya jirani

Wakuu, habari za mihangaiko. Hii ni kweli tupu, siipambi. Kupamba nilishajaribu, mtaona kilichonikuta.

Mimi ni ticha, mtu wa Njombe, nafundisha Lionja, Nachingwea. Nimeoa Nkowe, upande wa Ruangwa.

Baba mkwe ana hardtop ya zamani, ya kijani. Mabinti zake wakubwa, mke wangu akiwemo, walienda kufunga ndoa na gari hiyo. Sasa ilikuwa zamu ya shemeji yangu, kitinda mimba.

Shida kutu. Ukiwa ndani unaona barabara kupitia sakafu.

Kiherehere changu nikajitolea kuitengeneza. Mzee akanipa funguo: "Mkwe, niletee Ijumaa. Sitaki mwanangu wa mwisho aende kanisani na gari ya kuazima."

Nikamwita fundi kutoka Nachingwea mjini. Tukakwangua wiki nzima. Palipoliwa na kutu tukakata, tukachomelea bati jipya, tukapaka red oxide ya kuzuia kutu, tukaziba mabonde kwa puti, tukapiga msasa.

By the way, ukipaka puti juu ya kutu unajidanganya. Kutu inaendelea kula chini kwa chini.

Jumatano mchana ikabaki rangi tu. Fundi akasema tupige kesho alfajiri, upepo ukiwa umelala. Halafu akauliza, "Ticha, mikorosho imekuzunguka. Majirani wanapuliza lini?"

Nikamjibu, "Wanapuliza mikorosho fundi, hawapulizi magari." Nikajiona mjanja.

Kwa wasiojua: salfa ni dawa ya mikorosho, unga wa njano, unapulizwa kwa mashine. Nayo inapulizwa alfajiri, upepo ukiwa umelala.

Jirani yangu ni muungwana. Jioni ile ile akapita kutoa taarifa kama desturi ya huku: "Ticha, kesho tunapuliza. Anua nguo."

Wakuu, nikaanua nguo. Mashati matano na taulo. Nikakunja vizuri, nikalala.

Saa kumi na mbili asubuhi fundi akamaliza koti la mwisho la rangi. Gari inang'aa, unajiona. Ndipo mashine ikanguruma nyuma ya nyumba. Wingu la njano likaja taratibu, halina haraka, likatua juu ya rangi mbichi.

Fundi akazima compressor. "Si nilikuuliza?"

Muda wa kusubiri ikauke, kupiga msasa na kurudia haukuwepo. Niliona aibu mpaka nikawaza kuomba uhamisho.

Ijumaa nikaipeleka hivyo hivyo Nkowe, madoa ya njano, boneti inakwaruza. Mzee akaizunguka mara mbili. Akapitisha kidole, akanusa.

"Salfa hii."

"Ndiyo baba. Nisamehe, nimekuharibia."

Akajifuta kidole. "Niliinunua kwa korosho. Watoto nimewasomesha kwa korosho. Fungeni maua, kesho tunaondoka saa tatu."

Shemeji akaenda kanisani na gari ya baba yake. Mtu akiuliza ile rangi, mzee anajibu mwenyewe, mimi nasimama pembeni.

Mwezi uliopita nikamwambia mzee kwamba fundi yupo, tuirudie. Amekataa. Anasema hiyo ndiyo rangi ya nyumba yake.

Nilichojifunza: ukiwa mgeni mahali, uliza. Na ukiambiwa uanue, anua vyote.

Kama kuna mwingine aliyeharibu mali ya mkwe ajitokeze hapa, nisichekwe peke yangu.