Mzigo wa Salfa

Nikiwa mdogo, ng'ombe wa baba alifiwa na ndama, akagoma kutoa maziwa. Baba akaijaza nyasi ngozi ya yule ndama, akaisimamisha mbele yake. Ng'ombe akalamba, akalamba, maziwa yakashuka. Mimi nikacheka, nikachapwa, maana baba alikuwa na mkono mwepesi, Mungu amrehemu, lakini hayo tuyaache.

Ng'ombe huyo nilimsahau kabisa mpaka mwaka 2013, hapa Kitanga, nilipojimwagia mawese ya moto mguuni nikidokoa maharage kabla hayajaiva. Tamaa tu.

Nesi wa zahanati, binti aliyeletwa kutoka kusini, akaniuliza, "Babu, una mzio wa salfa?"

"Mzigo sina, mjukuu wangu. Nimekuja na mguu tu."

Akacheka hadi akashika meza. Kumbe mzio ni mwili kuikataa dawa, ukavimba au ukatoka malengelenge. Nikamwambia mwili wangu haujawahi kukataa kitu, hata gongo. Akanipa salfa nyeupe ya kupaka, akasisitiza nioshe kidonda kwanza, kila siku.

Sikuosha. Kuosha kunauma! Nikawa napaka juu kwa juu. Siku ya tano mguu ukanuka, mke wangu akahamishia mkeka wake jikoni. Nikarudi zahanati.

"Babu, umeupaka usaha dawa!" nesi akafoka. "Ukiendelea hivi nakuandikia rufaa hospitali ya Kasulu, na huko wanaweza kuukata mguu."

Kuukata! Nikamuuliza ni dawa gani hii isiyoua wadudu. Akasema salfa kazi yake ni kudanganya. Wadudu wa kidonda wana kitu wanachokitafuta ili wazaane. Salfa inafanana nacho, wanaichukua, uzazi unakwama, mwili unawamalizia. Sisi watu haitunyimi kitu, chetu tunakipata kwenye mboga.

"Lakini usaha umejaa kile cha kweli. Watahangaika na cha bandia?" nesi akauliza.

"Ndama wa nyasi!" nikapiga kelele.

Akanipima homa.

Basi mke wangu akawa ananiosha kila asubuhi, na nadhani alifurahia kunisikia nikilia. Majirani walikuja kusikiliza. Wiki zikapita, ngozi ikarudi, laini kama ya mtoto.

"Haya, tembea nione," nesi akasema siku moja.

Nikatembea hadi mlangoni. Hakuna maumivu.

"Sasa geuka, babu, rudi nikuoshe mara ya mwisho."

Kusikia kuoshwa, nikaendelea kutembea. Nikavuka uwanja, nikashika barabara, yeye akiita nyuma yangu huku akicheka. Zahanati ile sijakanyaga tena.