Jina Lenye Mkwe Wangu Hangeweza Kutaja

Wewe, umewahi kuona mtu akipoteza mtoto kwa sababu ya heshima? Basi niangalie vizuri, ni mimi, na mpaka leo nikipita Kabiro nafunika uso.

Mimi naitwa Nzilani. Kwetu Kitui nzila ni njia, na mama alinizaa njiani akitoka mtoni, mtungi bado mgongoni (ati hakumwaga hata tone, hivyo ndio alikuwa anaringa). Binti yangu akampa msichana wake wa pili hilo jina, vile sisi hufanya. Sasa shida, Mkamba hatajangi jina la mama mkwe, kwa hivyo Baba Mwende, mkwe wangu, alikuwa anaita mtoto wake "Mama" tu, na mimi hiyo heshima nilikuwa naifurahia, wee!

Basi ile Januari ya fujo ya kura tukatoroka nyumbani Mashimoni, mimi na petikoti na leso tu (moshi iko hapo, nani angetafuta rinda?), tukaenda kanisa moja ya hapo Kabiro, Kawangware. Binti yangu alikuwa ametangulia Kitui na Mwende, yule wa kwanza. Mimi nikakataa kutembea karibu na mkwe (hiyo pia ni heshima), nikafuata huko nyuma, na katoto, huyo Nzilani mdogo, kanakimbia kwake, kanarudi kwangu, kwake, kwangu. Kufika, mimi nadhani kako na yeye, yeye anadhani kako na mimi. Katoto hakuna!

Pasta akampa mkwe maiki atangaze. "Taja jina la mtoto, baba."

Mkwe akaniangalia. Mimi nikaingia nyuma ya tanki ya maji, heshima jameni! Akasema, "Anaitwa... Mama."

"Mzee, hapa kila mtu ni mama!" Watu wakacheka, halafu kijana mmoja akaruka, "Huyu hajui jina ya mtoto wake? Mwizi wa watoto! Mshikeni!" Na hizo siku mtu hakuwa anaulizwa mara mbili. Wakamkamata kola.

Nikatoka mbio, leso ikashikwa na bomba ikabaki, nikasimama mbele ya kanisa nzima na petikoti, "Mwachilieni! Ni jina yangu anaogopa! Sema, Baba Mwende, sema!"

Akafunga macho. "Nzilani! Nzilani!"

Katoto kakatoka jikoni na kikombe ya uji. "Baba! Kumbe unajua jina langu?"

Petikoti haikuwa kitu. Hapo ndio niliona aibu.

Hiyo siku nilimwambia mkwe amwite mtoto jina lake vile anataka, na anamwita mpaka majirani wanachoka. Huyo Nzilani sasa ni msichana mkubwa, na ameniahidi mimi nyanya yake, "Susu, kijana mwenye atanioa nitamleta kwako kwanza, na kabla apewe chai atataja jina lako. Akinong'ona, arudi kwao."